Vioo vya Jumamosi

Kioo kikubwa hakisafishwi na mtu mmoja, usidanganywe. Mmoja anakaa ndani, mwingine nje. Wa ndani akiona doa la nje analigonga kwa kidole, ko-ko-ko, na wa nje analifuta. Vestine na Christella walifanya hivyo miaka sita, kila Jumamosi, kwenye duka moja la samani pale Gisozi, Kigali, lenye vioo saba virefu kutoka sakafuni hadi darini. Walikuwa wakigongeana hata madoa yasiyokuwepo, wakichekana kupitia kioo mpaka mlinzi anauliza kama wamelewa.

Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda Vestine. Nyingine zote, vyoo, ngazi, mazulia, alizifanya kwa sababu mtu lazima ale. Aliishi peke yake Nyakabanda, mume marehemu, mtoto hakujaliwa, na jioni redio ndiyo iliyomsemesha. Christella, aliyemwita yaya kama watu wa Buyenzi, mtaa wao wa utotoni, wanavyomwita dada mkubwa, ndiye mtu pekee Kigali nzima aliyeongea naye Kiswahili cha kule Bujumbura walikokulia wote wawili. Mtu wa namna hiyo humpati sokoni.

Sasa Christella akaja na habari ya mkataba.

"Yaya, kazi kubwa zinataka karatasi. Hoteli haiwezi kumpa kazi mwanamke na ndoo yake tu. Twende kwa mwanasheria, tuwe wabia wa kweli."

Nani angekataa? Vestine akakubali, akafurahi hata. Alidhani kuwa wabia ni kuwa pamoja zaidi. Masikini! Kumbe mwanasheria Bayingana, bwana mpole aliyekulia Karagwe, swali lake la kwanza lilikuwa nani atasimamia wapi, ili wasije wakagombana. Christella, mwenye mume na watoto watatu Kimironko, akachukua Kimironko na mitaa ya jirani. Vestine akabaki na Nyakabanda na Gisozi. Kila mmoja na wafanyakazi wake. Hakukuwa na pa kubisha. Kisha Bayingana akawaambia kila mmoja akaandike nyumbani mengine anayotaka yawemo, amletee karani wake Kamikazi ayapige chapa.

Vestine alikaa na karatasi ile siku tatu. Mambo ya sabuni na likizo aliyamaliza haraka. Lile moja lilimtoa jasho. Ataliandikaje? Kwamba asipomwona Christella Jumamosi, wiki yake haina mtu? Mwanamke wa miaka hamsini na mbili! Mwishowe akapiga moyo konde, akalivalisha maneno ya kisheria ili lisionekane lilivyo, akalipeleka bila kumwambia mtu.

Siku ya kusomewa rasimu walikaa bega kwa bega mbele ya meza ya Bayingana. Kamikazi alikuwa kwenye kona na kompyuta yake. Ibara nane za mwanzo zikapita salama. Bayingana akarekebisha miwani.

"Ibara ya tisa. Kila Jumamosi, vioo vya Gisozi vitasafishwa na wabia wote wawili kwa mikono yao wenyewe, wala si na wafanyakazi, kwa muda wote wa mkataba huu."

Christella akaangua kicheko. Kicheko cha Buyenzi hasa, mpaka akajipiga paja.

"Ibara gani hii tena? Nani kaandika?"

Uso wa Vestine ukawaka moto. Alijiona mzee, mpweke, anayeombaomba watu wakae naye, tena mbele ya mwanasheria. Aibu ikamjibia kabla hajafikiri.

"Sijui," akasema. "Labda karani kakosea. Kachanganya na mkataba wa watu wengine."

Kamikazi akainua kichwa. Karatasi yenye mwandiko wa Vestine ilikuwa palepale kwenye faili mbele yake. Alimtazama Vestine, akaifunga faili.

"Samahani," akasema taratibu. "Ni mimi."

Msichana wa watu, akabeba kosa lisilo lake. Na Christella naye kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Haya, kama ni makosa, ifute," akasema, na Bayingana akapitisha kalamu. Wiki iliyofuata wakatia sahihi nakala safi, muhuri ukagongwa, wakaagana mlangoni, kila mmoja na pikipiki yake ya kukodi.

Jumamosi ya nne baada ya hapo Vestine alikuwa Gisozi. Angeweza kumtuma mfanyakazi, lakini vioo vile hakutaka viguswe na mtu mwingine. Alikuwa ndani, kwenye kioo cha tatu, simu ilipolia. Christella, anauliza ile sabuni ya vioo inanunuliwa wapi. Wakaongea sabuni, sabuni ikaisha. Christella hakukata simu.

"Yaya, uko kwenye vioo?"

"Niko navyo."

"Unakumbuka ile ibara? Siku ile nilicheka kwa furaha, yaya. Nilidhani ni wewe. Nikasema, ona, kaniwahi! Maana mimi nilitaka kuomba hivyohivyo, nikaona haya, utaniona king'ang'anizi. Kumbe makosa ya karani tu."

Vestine akaacha kufuta. Ilimuuma mpaka akashika ukingo wa kioo.

"Ni mimi," akasema. "Niliiandika mimi, Christella."

Kule upande wa pili mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Wee yaya," Christella akasema. "Mbona hukusema? Nimeshaipa hoteli Jumamosi zangu zote, mwaka mzima."

"Hakuna neno. Nenda, wanakungoja."

Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kufuta. Juu kidogo ya usawa wa macho kulikuwa na doa, akalisugua, halikutoka. Lilikuwa la nje. Kabla hajakumbuka, kidole chake kilikuwa kimeshaligonga, ko-ko-ko. Mlinzi getini akageuka kuona nani anaitwa. Vestine akaokota ndoo, akazunguka nje kwenda kulifuta mwenyewe.