Mikono Mikavu

Kwa mara ya nne taa ikawaka nyekundu. Karani wa dirisha la tatu alipitisha kipande cha karatasi ya chooni chini ya kioo, akamwambia ajifute tena, na safari hii ajifute vizuri. Mwanamke akajifuta. Akakandamiza kidole gumba kwenye mashine mpaka ukucha ukawa mweupe. Nyekundu.

"Mashine inasema hapa hakuna mtu," karani alisema.

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo, bila ubaya. Mtaani walimwita Mama Povu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifua nguo za watu kwa mikono, na sabuni ya unga ilikuwa imezila ncha za vidole vyake mpaka zikawa laini kama mgongo wa kijiko.

Alikuwa amekuja kukata rufaa. Barua aliibeba kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kitambulisho. Ilisema kwamba kwa miaka miwili alilipwa ruzuku ya mlezi mara mbili kila mwezi, kwamba lazima arudishe iliyozidi, na kwamba mpaka airudishe ruzuku imesimamishwa. Ruzuku hiyo ilikuwa ya kumtunza mama yake, aliyepooza upande mmoja. Ndiyo iliyonunua vidonge vya presha. Muda wa rufaa ulikuwa siku thelathini tangu tarehe ya barua, na rufaa haikupokelewa bila kidole cha mwenyewe.

Kosa lilizaliwa kwenye dirisha hilohilo. Siku aliyoandikishwa, mashine ilikataa mkono wa kulia, na karani huyuhuyu akajaza fomu nyingine kwa mkono wa kushoto. Ule ukakubaliwa. Kumbe fomu ya kwanza nayo ilikuwa imepita, na alama za mkono wa kulia zimehifadhiwa. Kwa ofisi, mkono wa kulia ukawa mwanamke mmoja na wa kushoto mwanamke mwingine, wote wanamtunza bibi mmoja. Malipo yalikuja kwa simu, kwa hiyo hakuna aliyemwomba vidole tena.

Mwezi wa kwanza, simu ilipolia mara mbili, mama yake alimwambia aende kuuliza, na wakishamjibu aombe karatasi. Alikwenda. Aliuliza kwa sauti ndogo, maana ofisi zilimtia haya tangu utotoni. Karani alimjibu kuwa ni nyongeza ya walezi wa wagonjwa wa kitandani. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Wenzako wanalia hawajapewa, wewe unalia umezidishiwa?" Foleni nzima ikacheka. Akaona aibu kuomba karatasi, akaenda zake.

Sasa alimkumbusha siku ile. Karani alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Wanakuja wengi, mama."

Hakuwa mtu mbaya. Aliinama karibu na tundu la kioo, akamshauri apumzishe mikono wiki mbili. Asiguse maji wala sabuni, apake mafuta asubuhi na jioni, ngozi itarudi. Mama Povu alitaka kumuuliza mikono ikipumzika watakula nini. Akasema, "Asante."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba.

Mama yake alipopewa habari alicheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi. "Mimi mkono wangu mmoja umegoma, yako yote miwili. Basi nyumba hii imebaki na mkono mmoja, na ni wa mgonjwa." Kila jioni akawa anamwita mwanawe akae pembeni ya kitanda, anachovya vidole kwenye kopo la mafuta, anamsugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyosuguliwa mtoto mchanga.

Shuka za mgonjwa haziwezi kungoja wiki mbili. Mama Povu alizifua kwa miguu. Alipandisha sketi, akaingia kwenye beseni, akakanyaga. Mama yake alimtazama kupitia mlangoni, akamuuliza anacheza ngoma gani hiyo isiyo na mpigaji. Kuzikamua alimwomba jirani muuza mkaa, na baada ya siku chache nayo ikawa taabu, kwa sababu shuka zilirudi na alama nyeusi.

Alijaribu nguo za wateja vilevile. Siku ya tano mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuchukua zake mapema, akamkuta amesimama ndani ya mashati yake. Hakugomba. Alisubiri ashuke, akayatia mashati mabichi kwenye ndoo, akaondoka nayo yakidondosha maji njia nzima. Habari ikatangulia mtaani. Kufikia siku ya nane hakuna aliyeleta hata leso.

Vidonge vya presha alianza kuvikata nusu kwa wembe. Siku ya kumi na moja vikaisha. Siku ya kumi na mbili mama yake alianza kuongea kama mtu mwenye chakula mdomoni, na kile kijiko alichokuwa akikishika mwenyewe kikawa kinamponyoka. Muuza mkaa alisema apelekwe hospitali. Mama Povu akaanza kufungasha khanga, lakini mgonjwa akamshika kiganja, akakigeuza, akapapasa vidole.

"Vimeanza kukwaruza," alisema. "Maliza siku zako kwanza."

Siku ya kumi na tano taa ikawaka kijani.

Karani alifurahi kweli. Alipiga kofi mezani, akaomba na mkono wa kushoto. Kijani tena. Alimpeleka mwenyewe hadi chumba cha ndani kwa mkuu wa rufaa, mzee aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba. Mkuu aliivaa, akasoma kompyuta, akamwambia anyooshe mikono.

"Hiki kidole cha kulia ni chako?"

"Changu, mzee."

"Na cha kushoto?"

"Changu."

"Kwa hiyo waliolipwa, wote wawili ni wewe." Akaandika.

Hapo ndipo alipoyatoa maneno aliyoyapanga siku zote kumi na nne, juu ya fomu mbili, na simu kulia mara mbili, na kuja kuuliza, na kuambiwa ni nyongeza. Aliyamaliza yote. Mkuu akamwita karani, aliyesimama mlangoni akichezea kifuniko cha muhuri. Karani alisema hakumbuki. Aliongeza kwamba yeye ndiye aliyemsaidia huyu mama mpaka mashine ikamkubali.

"Una karatasi ya kuonyesha ulikuja kuuliza?"

"Sina."

"Kosa ni la ofisi, sikatai," mkuu alisema. "Lakini pesa hazikwenda kwa ofisi. Zilikwenda kwako."

Ruzuku itazuiwa mpaka deni liishe. Alimweleza hivyo bila ukali, akamsogezea kidau cha wino. Mama Povu akabonyeza. Mistari ikatoka kwenye karatasi, myembamba, mizima, ikizunguka na kuzunguka. Alikuwa hajaiona tangu usichana wake. Mkuu aliinua karatasi akaipuliza ikauke, akasifu kwamba leo alama imetoka safi. Kama hajaridhika, alisema, ipo rufaa ya juu, siku thelathini. Ila mikono aitunze ibaki hivihivi, maana mashine ya huko ni kali kuliko hii.

Nyumbani alisikia harufu kabla ya kuufungua mlango. Mama yake alikuwa amejilowesha mpaka godoro. Alitaka kuuliza jambo, midomo ikahangaika, mwishowe akanyanyua kile kidole gumba chake kizima na kukielekeza kwa mwanawe.

"Wamenitambua, mama," alisema.

Alimgeuza, akavuta shuka, akaitupa kwenye beseni. Akamimina maji na sabuni. Povu lilipopanda alichuchumaa, akaisogeza mikono, ikasimama juu ya maji. Fomu ya rufaa ya juu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya msumari. Ndani, kitanda kiligongagonga ukuta, mama yake akijaribu kujigeuza.

Alisimama, akavua kandambili, akaingia kwenye beseni. Akakanyaga, huku mikono ameiinua juu, mbali na maji, kama mtu aliyeamriwa na askari.