Mto Usio na Pingamizi

Wifi yangu hana dogo. Nisipokwenda kumwona anasema nimekuwa mtu wa makaratasi, nikienda anasema nimekuja kukagua kama kaka yangu bado analishwa. Jumamosi hiyo nilimkuta amepiga magoti katikati ya miche ya maparachichi, udongo umemfika kwenye viwiko, na kabla sijazima gari vizuri akaanza.

"Wakili wetu leo amepotea njia. Kaka yako alishaanza kusema umehama nchi."

"Nipe kwanza chai ndipo unisimange."

"Chai ipo jikoni. Miguu unayo."

Ndivyo tulivyo. Bonde zima linamwita Mama Miche kwa sababu ya kitalu chake, viriba vyeusi vilivyopangwa mistari kutoka mlangoni mpaka karibu na mto: maparachichi, machungwa, miti ya mbao. Maji yanaingia kwa mfereji ambao marehemu baba aliuchimba kutoka mtoni kaka na mimi tukiwa wadogo. Kiangazi kikikaza, mfereji huo ndio kila kitu. Mche ulio kwenye kiriba ukikosa maji siku mbili tatu, unautupa. Wanaishi kwa miche hiyo, hawana kingine.

Na mimi nilikuwa nakunywa chai yao nikijua kwamba maji hayo yanaondoka.

Niseme kazi yangu mapema, maana watu wakisikia wakili wanafikiri natetea wezi au navunja ndoa. Mimi ni wakili wa maji, umeme na madini. Mtu akitaka kuchimba, kuchepusha au kuvuta kitu ambacho Mungu alikiweka pale bure, ananiita nimtafutie kibali. Safari hii mteja wangu ni kampuni inayojenga mtambo mdogo wa umeme. Mpango wenyewe ukiusikia ofisini ni msafi: unauzuia mto kwa ukuta kule juu, unayaingiza maji kwenye bomba, bomba linashuka mlima mpaka kwenye mashine, mashine inazunguka, na maji yanarudi mtoni yaleyale. Kwenye maombi niliandika kwamba mradi hautumii maji, unayaazima tu. Sentensi tamu, mkuu wangu aliisoma mara mbili. Ila kati ya pale maji yanapoingia bombani na pale yanapotoka kuna kipande kirefu cha mto, na kiangazi kipande hicho kitabaki mawe. Kitalu cha wifi kiko katikati ya kipande hicho.

Nikaandika pia kwamba hapo katikati hakuna mtumiaji yeyote mwenye kibali. Nayo ni kweli. Wifi hana kibali na majirani zake hawana. Nani anaomba kibali cha mfereji aliourithi? Sheria inawaruhusu kupinga hata hivyo, mradi wajitokeze wenyewe kabla ya siku za pingamizi kwisha, na zilikuwa zinaisha Ijumaa. Tangazo tulilibandika kila mahali sheria inapotaka, mpaka kwenye nguzo ya daraja lao. Lilikuwa limejaa maneno magumu mwanzo mwisho. Mwenye kuyaweka magumu ni mimi, na nilijua ninachofanya.

Kuwaambia waziwazi siwezi. Siri ya mteja ni siri, ukiitoa unavuliwa joho. Basi nikajidai nazungusha.

"Hivi wifi, ninyi hamjawahi kufikiria kuomba kibali cha maji?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kibali cha nini? Nikaombe ruhusa ya kunywa? Hebu mwone huyu, shule imemwingia mpaka kwenye kiu."

Kaka yangu alikuwa anatengeneza mpini wa jembe pembeni. Yeye ni mtu wa maneno machache, mkewe anamsemea. Akanitazama kidogo tu.

"Kuna tatizo, mdogo wangu?"

Hapo ndipo pa kusema. Angalau ningesema, kaka, piteni pale darajani mkasome tangazo. Tangazo ni la watu wote, kumwambia mtu akalisome si kutoa siri, hata mkuu wangu ofisini asingenikamata kwa hilo. 

"Hakuna tatizo. Nauliza tu."

Wifi akanifungia miche mitatu ya machungwa nikapande kwangu. Nilisema sina nafasi, akasema nafasi ya gari ninayo. Njia nzima nilikuwa naisikia ikigongana nyuma, na roho inanisuta kila kona.

Mzee Nukta ndiye mkuu wetu ofisini. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kurudisha karatasi ya mtu bila kuhamisha nukta moja. Jumatatu aliniita, faili la mto liko mezani kwake, akaniambia kampuni imefurahi, na kwamba kibali kikitoka, jina langu linaandikwa mlangoni chini ya lake. Nimelisubiri jambo hilo tangu nilipokuwa nambebea mafaili. Halafu akavua miwani.

"Wewe si mtu wa bonde lile? Huna ndugu kwenye kile kipande?"

Swali hilo kila wakili analijua. Ukiwa na ndugu, unasema, unatoka kwenye faili, anaingia mwingine, basi. Hakuna anayekulaumu. Jina tu linakaa likisubiri mlangoni.

"Mzee, mimi ndugu ninao kila bonde. Nani hana ndugu?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Nilitoka pale nikaingia msalani nikajifungia, nikakaa juu ya mfuniko kama mtoto aliyevunja sahani. Nilijiona mjinga na nilijiona mwizi, na bado sikurudi kumwambia ukweli.

Ijumaa mchana nilikwenda mwenyewe ofisi ya maji. Kazi hiyo hutumwa mtu mdogo: unakaa kwenye benchi mpaka wafunge, karani anakuandikia kwamba pingamizi ni ngapi, unaondoka. Nilikwenda mimi kwa sababu nilikuwa naomba Mungu litokee pingamizi. Ndiyo, dhidi ya mteja wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajipanga: akitokea mtu hata mmoja, lazima waitwe wote wasikilizwe, kampuni ilazimishwe kuacha maji kidogo yapite mtoni, kitalu kinapona, na mimi sijamwambia mtu kitu. Nilitaka yote mawili, mlango na mto. Kila mlango ule ulipofunguliwa nilinyanyua shingo. Aliingia mwenye kuuza soda, akaingia fundi wa feni, akaingia mama mmoja aliyepotea njia akitafuta ofisi ya ardhi.

Karani ni mtu wa maneno, anapenda kutania mawakili.

"Leo umekuja kulinda mlango wasiingie?"

"Nimekuja kupunga upepo."

"Mto wa kule ng'ambo mwaka jana walikuja mpaka tukaazima viti. Huu wenu, hata mzee mmoja wa kulalamika hayupo. Mmewapa nini?"

"Labda hawajaliona tangazo."

"Hawajaliona wapi? Wiki ya kwanza walikuja kama kumi hapa wamekasirika kweli, wakachukua fomu. Wanajua kila kitu, bomba, ukuta, kila kitu. Sasa sijui imekuwaje, hawakurudi." Akagonga muhuri wake. "Hakuna pingamizi. Hongera, wakili."

Nilisimama na ile karatasi mkononi. Walikuwa wamesoma. Maneno yangu yote magumu walikuwa wameyatafuna wakayamaliza, wakaja mpaka hapa, halafu wakarudi nyumbani wakanyamaza. Sikwenda ofisini. Niliendesha moja kwa moja mpaka kwa kaka.

Wifi alikuwa anamwagilia. Aliponiona akaweka keni chini, akaja akinifungulia mikono.

"Wiki moja mara mbili? Leo nachinja."

"Wifi, lile tangazo la darajani mliliona?"

"La umeme? Nani hakuliona?" Akajifuta mikono kwenye gauni. "Wiki ya kwanza palichafuka hapa. Mwalimu alitusomea neno kwa neno. Wanaume wakasema twende tukapinge, mfereji utakauka, sijui nini, fomu zikaletwa hapahapa kwangu tujaze pamoja. Mimi nikasema hebu subirini, hiyo sahihi ya chini ni ya nani? Mwalimu akasoma jina. Jina lako, yote matatu. Nikawaambia kaeni chini jamani, huyo ni wifi yangu. Huyo ndiye anayeshughulikia. Kama kungekuwa na ubaya kwetu angetuambia, si yuko hapa kila mara? Mtoto wa mwenye mfereji atukaushie mfereji?"

Nikashindwa kumwangalia.

"Jumamosi ulivyokuja ukauliza habari za kibali, nikajua umekuja kututazamia mambo. Mwalimu alikuwa bado ana wasiwasi, nikamwambia, amekuja juzi, kaka yake amemuuliza kama kuna tatizo, amesema hakuna. Ndipo akaniachia fomu." Akacheka. "Nimewashia jiko zile fomu. Kuni zilikuwa mbichi."

Kaka alikuwa ametoka ndani. Alisimama mlangoni na mpini wa jembe lake, na nadhani yeye alielewa kabla sijafungua mdomo. Nilizungumza mwenyewe bila kupumzika, nikawaambia maji yanapoingia, yanapotoka, kipande kipi kinabaki mawe, na kwamba siku zimekwisha leo. Nikasema nilijua. Nikasema nilijua tangu nilipoiona ramani.

Wifi hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, ndiyo kazi yake siku zote. Alirudi kwenye miche akaliokota keni, akaliona halina maji, akaliweka tena.

"Rufaa ipo," nikasema. "Baraza linaweza kuwasikiliza mkieleza kwa nini hamkupinga mapema. Ni ngumu, ila ipo. Tafuteni wakili."

"Wakili?" Kaka ndiye aliyeuliza. "Si wewe?"

"Mimi ni wakili wao, kaka. Siwezi kuwa wenu."

Nikatoa simu nikampigia Mzee Nukta palepale, mbele yao, ili nisipate nafasi ya kujirudi. Nikamwambia ninao ndugu kwenye kipande kile, kaka yangu wa tumbo moja na mkewe, na kwamba Jumatatu nilimjibu kwa mzaha kwa makusudi. Aliniuliza kama nimemaliza. Halafu akasema Jumatatu nisiingie ofisini kwangu, nianzie kwake, na faili nimpelekee mkononi. Akakata. Mlango ule nilijua umeshanipita, na sikusikia chochote, wala uchungu wala ahueni.

Wifi alikuwa bado anatazama keni.

"Mimi ndiye niliyewazuia," akasema taratibu. "Wewe umenidanganya mimi, mimi nikawadanganya wao. Nitawaambia nini wale watu?"

"Nitawaambia mimi."

"Utawaambia. Tena leo." Akanishika mkono, si kwa upendo, namna unavyomshika mtu asikimbie. "Tunaanza kwa mwalimu."

Kaka akabaki. Tukatoka wawili tukifuata mfereji, yeye mbele, mimi nyuma, na maji yakienda kinyume na sisi yakisikika vizuri tu.  Nilikuwa najaribu kutunga sentensi ya kwanza, na kazi yangu yote ni kutunga sentensi, na sikuipata.

Nyumba ya mwalimu iko pale mfereji unapokata kona. Wifi akapiga hodi. Mlango ukafunguliwa, mwalimu akatoka na kalamu sikioni, akaniona nyuma ya bega la wifi, uso ukamchanua.

"Karibuni, karibuni ndani," akasema, akasogea tupite. "Karibu sana, wakili wetu."