Koliva ya Bibi Argyro

Bibi yangu Argyro alishuka melini Melbourne akiwa na picha ya mchumba mwenye nywele tele, akapokewa bandarini na mwanamume mwenye upara.

"Mwenye picha yuko wapi?" akauliza.

"Huyo ni binamu yangu," babu akajibu. "Mimi huwa sitoki vizuri kwenye picha."

Bibi alicheka hadi akaketi juu ya sanduku lake. Wakaoana, na mpaka babu anakufa mkewe alikuwa akimwita "Mwenye Nywele".

Mimi maisha yalinipiga makofi mapema. Baba alifilisika, mama akaenda zake, nami nikatupwa mlangoni kwa bibi kule Oakleigh. Alinilea kwa mshahara wa kiwanda cha soksi, huku akinikumbusha kila siku kwamba kiwanda kizima hakikuwa na soksi ya kutosha miguu yangu.

Kanisani kwetu mtu akifiwa, bibi ndiye aliyepika koliva: ngano ya kuchemsha iliyochanganywa na lozi, zabibu kavu na komamanga, ikafunikwa sukari nyeupe. Padri anaibariki, watu wanakula wakimwombea marehemu. Aliwapikia hata wanaume waliokufa peke yao kwenye vyumba vya kupanga, bila ndugu. "Nisipowapikia mimi, nani atawataja? Paka?" alikuwa akisema.

Basi ikafika arobaini yake mwenyewe. Shangazi Stamata akataka kuagiza kwa mwoka mikate.

"Nitapika mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe unayeunguza maji?"

"Amewapikia wote, Shangazi. Yeye ndiye tumletee ya dukani?"

Akanisukumia mfuko wa ngano. Kwa shangazi, hiyo ndiyo ruhusa.

Jumamosi nilichemsha ngano, nikaianika juu ya shuka safi, nikaipanga kwenye sinia. Nikamwaga sukari, nikaichorea msalaba kwa lozi. Ilipendeza kama bibi harusi. Nikaipiga picha.

Jumapili asubuhi shangazi akafunua kitambaa.

"Unga uko wapi?"

"Unga gani?"

"Unga wa kukaanga, we mtoto! Unatandazwa kati ya ngano na sukari, maji yasipande!"

Yalikuwa yameshapanda. Sukari ilikuwa tope, na msalaba umelala ubavu.

"Mama yangu umemchimbia bwawa," shangazi akasema.

Mwanamke aliyenipa kila kitu, nami nimeshindwa kumpa sinia moja la maana. Ibada ilikuwa karibu kuanza. Tukamimina yote kwenye beseni, tukakoroga, tukachomeka mshumaa katikati, tukaenda. Padri alilitazama lile beseni, akakohoa, akalibariki. Jina la Argyro likatajwa, na kanisa lote likaitikia.

Ukumbini, wa kwanza kusogea alikuwa Bi Evdokia, shoga wa bibi, mwanamke asiyesifu chochote. Akachota kijiko. Nikatazama viatu vyangu.

"Imeharibika," akatangaza. Akachota tena. "Lakini ni tamu. Mwana, nijazie mfuko. Alimpikia mume wangu, na hakuna aliyemwomba."

"Na mama yangu," akasema mzee nyuma yake.

"Na kaka yangu, yule mlevi," akasema mwingine. "Alimwekea lozi nyingi kuliko alizostahili!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wakapanga foleni, kila mmoja na marehemu wake aliyepikiwa na bibi, kila mmoja na mfuko wake. Nilichota mpaka mkono ukauma, nikicheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Shangazi akainama kuchungulia beseni.

"Hata punje haikubaki?"

"Hata punje," nikasema. "Sijaonja."

"Bahati yako," akasema, akanifuta mashavu kwa mtandio wake mweusi.