Mkono wa Mapatano

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mvua nyepesi ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita. Katika ofisi ya mwalimu mkuu viti vilipangwa viwili kwa viwili, vikitazamana. Upande wa dirisha aliketi fundi majokofu, akiwa bado ndani ya ovaroli yake, pamoja na binti yake. Upande wa kabati la vikombe vya ushindi aliketi mfamasia, mama aliyekuwa amemwachia msaidizi wake duka, pamoja na mwanawe. Kijana huyo alikuwa nahodha wa timu ya mpira, na shule nzima, walimu wakiwamo, ilimwita Kapteni.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Maabara ya kemia ilikuwa ghorofani, na ngazi ya kuifikia ilikuwa moja. Tangu muhula uanze, Kapteni alikuwa akisimama kwenye kona ya ngazi hiyo wakati wa mapumziko na kumpapasa binti wa fundi kila alipopita, huku wenzake wakipiga miluzi. Binti alimwambia mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa alimjibu kwamba anataniwa tu. Binti akaacha kupanda ngazi. Kwa kuwa aliacha kupanda ngazi, aliacha pia kuingia maabara, na mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa unakaribia.

Mwalimu mkuu alikuwa na utaratibu wake, naye aliupenda. Ugomvi wowote, uwe wa kalamu iliyoibwa au wa ngumi, uliishia mbele ya kabati la vikombe kwa wahusika kupeana mikono. Baada ya hapo haukuzungumzwa tena. Aliamini kwamba ugomvi usiozungumzwa umekwisha.

"Tusilikuze jambo," alisema. "Mtapeana mikono, yaishe. Na wewe, binti, nimekutafutia nafasi katika mchepuo wa sanaa. Madarasa yao yako chini. Hakuna ngazi."

"Mimi nasoma sayansi, mwalimu."

"Mwanangu ana mechi Jumamosi," mfamasia alisema. "Tumalize. Watoto wa rika hili wanachezeana, mnajua wenyewe."

"Mimi sikuwa nacheza, mama," binti alimjibu kwa adabu.

Fundi majokofu alitazama viatu vyake. "Mpe mkono, mwanangu," alisema polepole. "Twende nyumbani."

Binti aliweka mikono nyuma. "Simpi, baba."

Mwalimu mkuu alitabasamu kama mtu anayeonja dawa ili mtoto aone kwamba si chungu. "Ona ilivyo rahisi," alisema, akaushika mkono wa kulia wa Kapteni na kuutikisa. Alipotaka kuuachia, haukuachika.

Alivuta. Kapteni naye alivuta. Mfamasia alitoa mafuta ya mgando mkobani, akapaka pande zote bila mafanikio. Fundi majokofu aliombwa maoni, kwa kuwa ndiye fundi pekee aliyekuwamo. Alichungulia kati ya vidole kwa tochi yake ndogo.

"Hakuna gundi, hakuna mshono," alisema. "Hiki ni kipande kimoja."

"Basi tuendelee na kikao," mwalimu mkuu alisema. Kikao kiliendelea. Binti hakutoa mkono, na kengele ilipolia kikavunjika.

Kuanzia siku hiyo Kapteni alikwenda kila alikokwenda mwalimu mkuu. Alilala kwenye godoro kando ya kitanda chake. Mke wa mwalimu mkuu alihamia chumba cha wageni, akieleza kwamba yeye aliolewa na mtu mmoja. Mwalimu mkuu alijifunza kutia saini kwa mkono wa kushoto, na saini zake zikawa kama nyayo za kuku. Siku ya mechi walikaa benchi pamoja, timu ikafungwa. Walimu hawakuwa na maswali mengi. Mwalimu wa hesabu, mama mwenye sauti nzito, alitaka tu kujua kama kwenye chai ya walimu wahesabiwe mmoja au wawili.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliitwa maabara kuangalia bomba lililovuja. Ilikuwa saa ya mapumziko. Miaka yote alikuwa akipanda ngazi ile wakati wa vipindi, ikiwa tupu. Sasa aliiona ikiwa na watu. Wasichana walipanda wakiwa wameshusha mikoba yao chini ya kiuno, kwa nyuma. Wasio na mikoba walitembea kiubavu, migongo ikisugua ukuta. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka kwa mstari mrefu kutoka chini hadi juu. Alikwisha kuipaka upya zaidi ya mara moja, akidhani ni unyevu.

Kwenye kona msichana wa kidato cha kwanza aliwapita. Mkono wa Kapteni ulinyanyuka, na mkono wa mwalimu mkuu ukanyanyuka nao. Aliurudisha chini kwa nguvu zake zote. Msichana mwingine alipita, mkono ukanyanyuka tena. Kapteni hakuwa hata akiangalia. Alikuwa akieleza kwa nini walifungwa.

"Mkono wako unafanya nini?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Upi, mwalimu?"

"Huu."

Kapteni aliutazama. "Umezoea tu," alisema.

Wasichana walibana ukutani, wakamtazama mwalimu mkuu kwa macho yale yale waliyomtazamia Kapteni. Hakuna aliyemwamkia. Alisimama pale, akiwa ameubana ule mkono ukutani kwa goti, mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake alimwita mfamasia. Hakumkaribisha ofisini, alimwomba asimame chini ya ngazi wakati wa mapumziko, kisha akapanda na Kapteni. Mfamasia alitazama hadi mwisho. Waliposhuka, alimtengenezea mwanawe kola ya shati.

"Nani aliyeufundisha mkono huu kushika kijiko?" aliuliza.

"Wewe, mama."

"Basi nami nimo. Leo jioni nitakuja kwa mwalimu, tutazungumza mimi na wewe, na hatutazungumza habari za mpira. Mwalimu atusamehe, atalazimika kusikia."

"Nitasikia," mwalimu mkuu alisema.

Jioni hiyo hiyo fundi majokofu alikuwa uani kwake, amechuchumaa nyuma ya jokofu lililofunguliwa. Binti yake alimshikia taa.

"Nilikwambia umpe mkono," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, baba."

"Nilitaka niondoke pale. Sikufikiri kwamba mimi ninaondoka, wewe unabaki." Alikaza skrubu. "Kuanzia kesho, kila mapumziko nitakaa kwenye ngazi."

"Utanitia aibu."

"Nitakaa kimya."

"Basi njoo na gazeti," binti alisema baada ya kufikiri. "Usije ukakaa umewakodolea watu macho kama mlinzi. Na uvue hiyo ovaroli, inanuka gesi."

Ilibidi wasichana wasikilizwe. Mwalimu mkuu alijiandaa kuifanya kazi hiyo mwenyewe, lakini hakuweza kuingia chumbani bila Kapteni, na hakuna msichana ambaye angesema neno mbele ya Kapteni. Hivyo alisimama nje ya mlango, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyesikiliza. Walikuja na mama zao, baba zao, mashangazi zao. Foleni ilifika kwenye lango. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wazima waliokwisha kumaliza shule, ambao zamani walipeana mikono na watu mbele ya kabati la vikombe. Walimsalimu mwalimu mkuu kwa mbali. Yeye alisimama wima, mkono mmoja ukiwa na Kapteni, akaona kila mmoja akiingia na kila mmoja akitoka.

Mwisho wa mwezi bodi ya shule ilikutana. Iliwapa pole mwalimu mkuu na Kapteni kwa tatizo la mikono, kisha ikaamua kwamba utaratibu wa mapatano ni mzuri na uendelee.

"Mkono wa kushoto si mzima? Utautumia kuwapatanisha," mwenyekiti alisema.

"Ni mzima," mwalimu mkuu alisema, akautia mfukoni.

Mikono haijaachana hadi leo. Bodi iliandika azimio lake na kwenda kula. Mwalimu wa darasa aliendelea kusema kwamba ule ulikuwa utani, ila sasa alisema kwa sauti ya chini. Mfamasia alirudisha jezi ya mwanawe kwa kocha na hakuomba tarehe ya kuichukua tena. Nafasi katika mchepuo wa sanaa alipewa Kapteni, na mwalimu mkuu akawa anaketi kwenye dawati kando yake, magoti yakigusa mbao. Kapteni alianza kuutazama mkono wake kabla mtu hajapita, na siku nyingine ulitii. Mwalimu wa hesabu alifungua chumba chake kila Alhamisi, na wasichana walikuja, na wavulana wawili pia. Fundi majokofu alisoma gazeti kwenye ngazi, kurasa zote, pamoja na matangazo ya viwanja. Wazazi wengine waligawana siku naye. Binti yake alipanda ngazi katikati, mkoba begani, akaingia maabara, akavaa koti jeupe na kuanza kupima tindikali.