Baketi, Mkongojo na Sungura Saba

Mzee Mkongojo alikuwa na sungura saba, na nyumba ya kuwaweka hakuwa nayo. Walilala chini ya kitanda chake, wakamtafunia ndala, soksi, hata pindo la shuka. Kwa hiyo siku nyingi jicho lake lilikuwa limetua kwenye banda la kuchomelea vyuma la shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cheche.

"Shemeji, umezeeka," alimwambia asubuhi hiyo, amekaa mlangoni kama mwenye mali. "Waachie wengine moto. Banda nipe mimi na watoto wangu."

"Watoto wako wana mikia."

"Ndiyo, lakini hawanijibu kama wewe."

Nje lilisimama trekta, lile lenye mkono wa kuchimbia kwa nyuma. Baketi yake, yaani lile bakuli la chuma lenye meno, ilikuwa imepasuka kitako. Dereva alikuwa amepata nyingine, nzuri, ila ilitoka kwenye mashine kubwa zaidi. Masikio yake mawili, ambayo ncha ya mkono huingia katikati yake, yaliachana mno, na matundu ya pini yalipwaya kama pete ya kuazima.

"Utaiweza, mama?" dereva aliuliza. "Ila trekta siwezi kuliacha. Nina mtaro wa bomba hapo nyuma, nitarudi saa kumi."

"Nenda kachimbe na hiyo mbovu. Niachie baketi na pini ya akiba. Mkono naupima sasa hivi."

Mzee Mkongojo akaona pa kupenyea. "Tuwekeane, shemeji. Baketi ikiingia mara ya kwanza, bila kukatwa tena, sitalitaja banda hili mpaka nife. Ikikataa, kesho funguo ni zangu."

Mama Cheche aligeuka kulitazama banda. Banda lile ndilo lililomlisha tangu awe mjane, na funguo zake hakuwahi kumpa mtu hata siku moja.

"Mbele ya dereva huyu?"

"Mbele yake."

"Haya," alisema. Na Mama Cheche akishasema haya, hata aungue harudi nyuma.

Futi yake ya kupimia ilishaungua ncha zamani, basi alipima kwa namna yake. Alishika kipande cha ubao, akachukua upana wa ncha ya mkono, akaenda kuchora mistari miwili ya chaki mlangoni: kutoka hapa mpaka hapa. Kisha akawakaribisha chai. Mzee Mkongojo, ambaye chai haimwiti mara mbili, aliuacha mkongojo wake umeegemea gurudumu akatangulia ndani. Mama Cheche alichelewa kidogo nje. Ananawa mikono, alisema alipoingia na mkongojo wa mzee.

Dereva alipoondoka, Mama Cheche akaenda kuvaa suruali ya kazi. Hapo mzee akalamba kidole gumba, akafuta mstari mmoja, akauchora upya ndani kidogo. Upana wa kidole kimoja tu. Masikio yakibanwa hivyo, mkono utagonga na kurudi. Akakaa zake, kapoa kama maji ya mtungi.

Aliposhika mkongojo alihisi mikwaruzo miwili chini ya gumba. "Wameanza na mkongojo sasa, sungura wale!" alinung'unika.

Mama Cheche alipima mistari kwa waya, akatikisa kichwa kukubali, akakata mabamba mawili mazito ya kunenepesha masikio kwa ndani. "Shemeji, nipe mkongojo nizuie bamba lisiniangukie mguuni."

Mzee alimpa kwa mikono miwili, tumbo likimcheka. Shemeji aliulaza mkongojo juu ya masikio yote mawili, akausogeza huku, akausogeza kule, akagonga bamba kwa nyundo.

"Kaa mbali, ndevu zitashika moto!"

Cheche zikaruka. Baadaye akakata bushi, yaani pete za kujazia matundu, kutoka kwenye bomba nene, akazigongomea kwenye matundu mpaka pini ya akiba ikateleza humo na grisi yake, taratibu, bila kuchezacheza. Mzee wakati huo alishagawa vyumba: madume pale penye vyuma chakavu, majike dirishani wapate hewa.

Saa kumi trekta likaja. Dereva akang'oa pini, baketi mbovu ikaanguka kishindo. Akarudi nyuma, akaushusha mkono polepole. Mzee alibana kicheko puani.

Mkono ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Pini ya kwanza, nyundo moja. Ya pili haikutaka hata nyundo.

"Haiwezekani!" Mzee Mkongojo alikimbilia mlangoni. "Chaki hii imepungua kidole kizima!"

Dereva akageuka.

"Umejuaje, mzee?" dereva akauliza.

Mama Cheche akamwonyesha mzee mikwaruzo ya mkongojo: miwili, ya tupa, imenyooka. Akaulaza tena juu ya masikio. Mkwaruzo kwa bamba, bamba kwa mkwaruzo.

"Siku ya harusi yangu ulificha kiatu cha kaka yako, akanioa na mguu mmoja peku. Leo nikuachie vipimo mlangoni, wewe na chaki peke yenu? Vya kweli umevishika mwenyewe tangu asubuhi."

"Nilidhani ni sungura," mzee alisema kwa sauti ndogo.

Dereva alicheka mpaka akaegemea gurudumu.

"Hiyo mbovu unaitaka?" Mama Cheche akamuuliza.

"Ya nini tena, mama?"

"Basi ni ya shemeji. Nitaziba ufa, niiwekee wavu mbele. Watoto wake wataenea, wakibanana kidogo. Haya, shemeji, mlango wao uwe na upana gani?" Akamnyooshea chaki.

Mzee aliitazama ile chaki. Halafu akampa mkongojo, kwa mikono miwili.

"Pima mwenyewe," alisema. "Mimi na chaki tumeachana."