Marehemu Aliyeuza Kodiani

Mkaguzi Acuña aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa mwezi Machi katika kitabu cha duka la vitu vilivyotumika, akacheka kidogo.

"Mama Nélida, marehemu mumeo mchapakazi kweli. Miaka mitatu yuko kaburini, na bado anakuja kukuuzia kodiani."

Nélida alikodolea macho kibuyu chake cha chai ya majani ya mate, kilichokwisha poa. Kitabu kile chenye muhuri wa polisi kilitaka jina la kila muuzaji, namba ya kitambulisho na sahihi. Lakini Tacuarembó ni mji mdogo, na wako waliopita mlango wa uani, kitu kimefungwa kwenye shuka, wakimsihi asiwaandike. Hao aliwaandika kwa jina la Aparicio, mumewe. Aliona anawasitiri tu.

"Muuzaji yupo, bwana. Si mali ya wizi."

"Basi mlete atie sahihi kabla ya saa kumi. Asipokuja, naondoka na leseni."

Bila leseni hakuna duka, na chumba cha nyuma ya duka ndimo alimolala.

Alikwenda mbio hadi kwa Bi Eulalia, muuzaji mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na Wilmar, mwanawe.

"Karibu, Mama Nélida. Kama unamjua fundi mwingine wa kodiani, tuambie. Huyu ambaye mama alimpelekea ya baba anatuzungusha tangu Machi. Au sivyo, mama?"

Nyuma yake Eulalia alisimama na taulo la jikoni mkononi. Alimtazama Nélida, akaweka kidole mdomoni.

Nélida alifungua kinywa. Neno moja tu lingetosha.

"Simjui, mwanangu," alisema. "Nimepita kumsalimu mama yako."

"Ingia basi unywe chai."

"Siku nyingine."

Acuña alikuwa bado amekaa pale pale dukani.

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Niandike mimi."

"Wewe ndiye mnunuzi. Utajiuziaje?" Akashusha sauti. "Nitajie jina tu, mama. Nitamfuata mwenyewe."

Nélida alitikisa kichwa. Mkaguzi alishusha pumzi, akaibandua leseni ukutani, akamsogezea karatasi ya kufunga duka.

"Na chumba cha nyuma?"

"Kimo humo humo kwenye leseni."

"Nihame lini?"

"Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Alishika kalamu, akatia sahihi, safari hii kwa jina lake mwenyewe.