Kipimo cha Kuketi

Mama Redio, jirani asiyeacha neno lilale njaa, anasimulia hivi: eti Kimya alipandwa na wazimu mchana kweupe, akanyakua mkasi wa shangazi yake fundi cherehani, akalichana gauni la muuguzi mpaka vifungo vikaruka nje vikampiga paka. "Na shangazi mtu kasimama mlangoni, mikono kichwani. Mimi simo," humalizia, naye yumo mpaka shingoni.

Paka ni kweli. Mengine yametiwa chumvi.

Magauni aliyaleta muuguzi mwenyewe, matatu, kila moja limevaliwa sherehe moja tu.

"Wiki nzima nimo ndani ya sare," alisema. "Jumamosi nikifungua kabati, nakuta sare nyingine na haya magauni ya kukatia keki. Naishia kushinda na nguo ya kulalia, mgeni akibisha hodi najificha. Nigeuzieni haya yawe nguo za kupumzikia, lakini nionekane mtu."

Shangazi, aliyeyashona, alichekea puani. "Nguo isiyobana ni gunia, mwanangu. Na mimi sifumui mshono wangu."

Muuguzi akaaga. Mfuko wa magauni akausahau, tena miguuni pa Kimya.

Miaka yote Kimya alikuwa akitia vifungo nguo za wateja, ameketi kwenye kigoda cha mlangoni, na kutoka hapo aliona lisiloonekana kutoka kwenye cherehani. Shangazi hupima wateja wamesimama wima, matumbo wameyameza, na nguo hukaa vizuri ajabu, mpaka kizingitini. Wakishavuka tu, huyu anashusha zipu kidogo, yule anavuta kwapa. Hakuna anayerudi kulalamika. Nani amwambie mkubwa?

Kesho yake Kimya alimfuata muuguzi kwake, futi kamba shingoni. Alimketisha. Akampima kiuno akiwa amekaa, mgongo akiwa ameinama kufunga kiatu, mkono ukiwa juu kama anayeanika nguo.

"Mbona nyonga zimeongezeka ghafla?" muuguzi aliuliza.

"Hazijaongezeka, dada. Siku zote zilipimwa zimesimama."

Aliporudi, akaanza kufumua. Hapo ndipo Mama Redio alipochungulia dirishani, na shangazi akaingia.

"Unafumua mshono wangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbele ya macho yangu?"

"Nikifanya nyuma yako nitakuwa mwizi."

Shangazi akasema taratibu, "Haya. Ukiharibu, mkasi wangu hutaushika tena. Utazeeka na vifungo."

Kimya akaendelea kufumua. Gauni la buluu likawa suruali pana, bapa mbele, mpira umefichwa nyuma. La rangi ya maziwa likawa shati refu la mikono ya kukunja. La tatu, la kijani kibichi kama jani la mgomba, alilipunguza likawa koti jepesi lisilo na kifungo hata kimoja. Vifungo alikuwa amevishiba. Bitana zikatoa blauzi mbili. Kila cha juu alikijaribu na suruali ile, ili muuguzi avae hata akiwa amefumba macho. Shati lilimkataa mara mbili begani. Mara mbili akalifumua.

Jumamosi muuguzi akaja, akavaa, akajitazama kwenye kioo. Kisha akaelekea mlangoni. Kimya hakutazama nguo, alitazama mikono ya muuguzi. Kizingiti kikavukwa. Hakuna zipu iliyoguswa, hakuna kwapa lililovutwa. Huko nje muuguzi alichuchumaa akafunga kiatu, akainuka, akaenda zake akiyumbisha mkoba.

"Heh," alisema Mama Redio dirishani. "Gunia gani hilo lenye madaha?"

Shangazi alikuwa amesimama akitazama njia, na mkono wake, pengine bila yeye kujua, ulikuwa umekwenda kiunoni ukafungua kishikizo cha gauni lake mwenyewe.

Kimya akainuka. Akakifuta kigoda kwa kiganja, akakisogeza mbele, akaivua futi kamba shingoni.

"Shangazi," alisema, "keti kidogo nikupime."

Shangazi alikitazama kigoda. Cherehani ilikuwa kimya, na nje Mama Redio alikuwa ameegemeza sikio.